Maimuna Mmoja

Morogoro mjini, 3 Machi 2025

Mjomba Yunusi, shikamoo. Mgongo unaendeleaje? Huku sote wazima.

Uliponiambia umelisahau jina la Said, mwanao wa kumzaa, niliogopa sana. Ile programu ya akili mnemba niliyokuwekea kwenye simu nimeshaipa kila kitu chako: picha, sauti ulizorekodi miaka yote, na daftari la ukoo. Imepanga yote. Ukisahau jambo, iulize kwa mdomo tu, itakujibu.

Mpwa wako,
Maimuna

Kinole, 19 Machi

Marahaba, mama. Umebeba jina la marehemu mama yangu, kwa hiyo nitakuita mama mpaka nife. Mgongo haujambo, kinachonisumbua ni Said, ananicheka naongea na simu.

Mashine yako ina akili. Nimeiuliza shamba la karafuu linaishia wapi, ikanitajia mpaka kisiki cha mpakani. Ila jana niliiuliza Maimuna ni nani. Ikasema: "Ni mama yako. Alifariki 1987, kaburi lake liko juu ya kijito. Huwa anakupigia simu kila Ijumaa." Nimecheka mpaka nikakohoa. Hebu irekebishe.

Mjomba wako

Morogoro, 27 Machi

Mjomba, shikamoo. Nami nilicheka, halafu nikaacha.

Kosa ni letu. Kwenye sauti zako zote unaniita mama, na jina ni hilo hilo, basi imetufanya mtu mmoja. Nimeingia humo kwa simu yangu na kututenganisha mara tatu, nikiifungua tena nakuta imetuunganisha. Jana imeniandikia: "Karibu, Maimuna. Yunusi anakusubiri tangu 1987." Hakuna mahali tulipoandika kwamba unanisubiri. Tafadhali mjomba, usiitumie tena.

Mpwa wako,
Maimuna

Morogoro, 5 Mei

Shikamoo mjomba. Jumbe zangu mbili hujazijibu. Ijumaa nikipiga unapokea, lakini husemi kitu, nasikia tu unavyopumua. Said anasema huli vizuri, na kila asubuhi unatoka na jembe huku simu ikiongea mfukoni.

Mvua imekata barabara, magari hayapandi, ningekuwa nimeshafika. Nina hofu, mjomba. Niandikie neno moja tu, nijue bado unanitambua.

Mpwa wako,
Maimuna

Kinole, 7 Mei

Mama, shikamoo. Huko uliko hujambo?

Nisamehe kwa kunyamaza. Niliona haya, mzee mzima kulia kwenye simu. Said ananibishia, ati Maimuna ni mtoto wa dada. Nimeiuliza mashine, imesema dada hakuzaa.

Miaka thelathini na minane nimekulilia bure, kumbe uko mjini na sauti yako ile ile. Lakini mama, mtu hakai nje ya kwake muda wote huo. Nimepalilia pale juu ya kijito. Nimefukua upande wa kichwani, polepole, nikachungulia. Kweli, hamna mtu ndani.

Barabara imefunguka leo. Njoo Ijumaa, usimwambie Said. Nitakufunika mwenyewe.

Mwanao,
Yunusi