Kopo la Maziwa na Disketi ya Ijumaa

Nengo, Gisenyi
Ijumaa, 12 Novemba 1999

Mpendwa mdogo wangu Resty,

Pokea salamu za huku ziwani. Mgongo umepona? Na migomba ya Karagwe, ugonjwa umeiacha? Sisi wazima, ila mvua inatulowesha asubuhi na jioni. Miguu yangu ilikuwa inauma, lakini siku hizi siisikii. Furaha ni dawa, mdogo wangu, na kumwona adui ameinamisha kichwa ni dawa ya sindano.

Unamkumbuka Cyuzuzo wangu, yule uliyembeba mgongoni. Sasa anaandika kwa kompyuta katika ofisi ndogo ya hapa inayogawa mabati kwa wajane. Mji mzima hakuna vidole kama vyake. Anaandika huku anakutazama usoni!

Mkuu wake ni Bizumuremyi. Cyuzuzo alimwambia orodha ya wajane itafutiwe nakala. Akajibu nakala ameshaiweka, humo humo ndani ya kompyuta. Bon, basi, binti akaniuliza mimi mama yake niliyeishia darasa la nne. Nikamwambia mbegu ya maharage hailazwi yote nyumba moja. Nyumba ikiungua utapanda nini? Akanunua disketi mbili, vile vitu vyembamba vya mraba vya kunakilia. Kila Ijumaa moja inakuja kwangu na orodha mpya, ile ya wiki iliyopita inarudi ofisini kufutwa. Rahisi hivyo. Na akili ni yangu, usimwambie mtu ni ya shule.

Ya kwanza kabisa niliiharibu, nakuambia wewe tu. Niliitundika juu ya jiko ipate moshi kama mbegu, ikajikunja kama chapati, binti akanunua nyingine. Tangu hapo zinalala katika kopo la maziwa ya unga, chini ya kitanda changu.

Bizumuremyi alikuwa akicheka mbele ya wageni: "Huyu binti anapelekea mama yake majina, ayapike na mboga ya sombe!"

Mwezi uliopita, Jumatatu, umeme ulikatika, ukarudi kwa nguvu, kompyuta ikatoa harufu ya kuungua. Fundi wa Goma akasema humo hakijabaki kitu. Donc, yaani, orodha na nakala yake vilikufa pamoja, na mabati yalikuwa yagawiwe Jumatano. Unajua mkuu alifanya nini? Alimsimamisha mwanangu uani, mbele ya wajane waliopanga mstari, akamwita mharibifu, akamfukuza.

Cyuzuzo alitaka kukimbia na disketi siku ile ile. Nikalikalia kopo. Bizumuremyi alipoikumbuka alimtuma mlinzi, nikamrudisha. Akamtuma mke wake. Nikampa uji, nikamrudisha. Siku ya tatu akaja mwenyewe. Nikamwambia neno ulilolitupa uani utaliokota uani. Wajane walingoja siku mbili kwa sababu yangu, na hilo nimelitubu. Kwake yeye sijatubu.

Alhamisi, mbele ya watu wale wale, akasema: "Mi ndo nilikosa. Huyu mutoto iko na haki." Nikamwambia apaze sauti, Muhamadi muuza dagaa wa sambaza kule barabarani hajasikia. Akapaza. Ndipo nikafungua kopo. Disketi ikasomwa kwa kompyuta ya kuazima, majina yote yalikuwemo, na yale tisa yaliyoingia Jumatatu Cyuzuzo aliyatoa kichwani. Ijumaa mabati yakagawiwa.

Sasa mwanangu amerudi kazini na ufunguo wa ofisi anao yeye. Nami niliongeza sharti moja: disketi ya kila Ijumaa ailete Bizumuremyi mwenyewe, kwa mikono miwili.

Hapa ninapoandika nasikia hodi. Ni yeye. Acha asimame, mvua si kubwa sana. Kwanza nisalimie watu.

Msalimie shemeji Rugema. Msalimie mama mkwe wako, na Ganza, mwambie mama mkubwa anamkumbuka. Hodi ya pili hiyo. Msalimie Bahizi jirani yako, na mkewe, na yule mwenye mbuzi, jina limenitoka, ngoja nilikumbuke taratibu.

Mungu aijaze nyumba yako mbegu, na nyingine akufichie kwa jirani mwema.

Hodi ya tatu. Bon, nakwenda kufungua, polepole.

Dada yako akupendaye bila kuchoka,
Verediane