Msuluhishi wa Kiwanda cha Mbao

Tabora,
14 Agosti 1968

Kwa kaka Modest,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Puge, wewe na shemeji Benedikta na ng'ombe wote. Sisi huku hatujambo, ila mimi leo ni siku ya tisa nina hasira, hata chai nainywa kwa ugomvi.

Mimi ndugu yako, wa darasa la tatu, nimekuwa msuluhishi wa hiari wa migogoro ya kazi, tena nimethibitishwa kwa cheti chenye muhuri! Wafanyakazi wa kiwanda chetu cha mbao walinichagua mimi tu, maana mwaka ule wa mgomo niliwatuliza watu mia mbili kwa kukohoa mara moja. Siku ya mtihani wa usuluhishi nilijibu mpaka mwalimu akavua miwani.

Meneja wetu Mzaramo, mtani wangu, alisema Mnyamwezi anajua kubeba mizigo, mashauri awaachie wenyewe. Nikamjibu kwamba hata babu yake alifika Tabora juu ya kichwa cha babu yangu, tena analia njaa. Watu walicheka mpaka mashine zikazimwa.

Sasa sikia upumbavu. Kabla ya kupewa cheti ilinibidi nisuluhishe shauri moja mbele ya afisa wa kazi. Wakaniletea la mwanao Jilala. Msimamizi Selemani, yule asiyecheka hata harusini, alidai Jilala aliacha msumeno unazunguka peke yake, gogo likakwama, mashine ikavunjika. Alitaka afukuzwe. Afisa akamwuliza Jilala alikuwa wapi. Kimya. Akaulizwa tena. Kimya, ananitazama mimi tu. Selemani akasema labda bwana mkubwa huyu alikwenda kuposa. Nikapiga meza, nikamwambia Jilala kwamba asiyetaka kujitetea asitupotezee saa. Basi tukaafikiana aondoke kazini. Akatia sahihi bila neno, na afisa akanipa mkono, akasema nimeendesha kikao kama wakili.

Nimemtukana Selemani, nimemtukana afisa, nimemtukana Jilala kwa kunyamaza kwake. Matusi yameniishia, hasira ipo palepale. Mwenye kustahili ni mimi.

Kaka, saa ile Jilala alikuwa nyuma ya rundo la mbao ananisomea kitabu cha sheria. Maneno ya kitabu hicho yalinishinda, na mtihani ulikuwa kesho yake. Nilimwita mimi. Alisema msumeno unazunguka, nikamwambia ni dakika mbili tu. Halafu nikakaa kwenye kiti nikamtoa kazini kwa kosa langu, maana ningesema ukweli, cheti nisingekiona.

Kesho asubuhi nakirudisha, na nitayasema yote mbele ya afisa na Selemani. Kama watamrudisha kazini sijui. Kama watanifukuza mimi, na wanifukuze.

Jilala ndiye anayekuletea barua hii, na kwa vile macho yako hayaoni tena herufi, ndiye atakayekusomea. Hajui kilichomo. Akifika hapa akanyamaza, mwambie aendelee: Jilala, mwanangu, nisamehe.

Wasalimie wote wa nyumbani.

Ndimi mdogo wako,
Lukumani