Ufunguo wa Choo

Aabo,

Anjera zako za mchana nimezifunika kwa sinia. Dawa ya sukari umeze baada ya kula, hata kama rafiki yako Abdihafid anasema kabla. Yeye ni mwakilishi wa wadi, si daktari, na hata huo uwakilishi bado hatujauona.

Asubuhi niliwaletea chai wewe na wazee wa ukoo mkimpitisha Abdihafid agombee muhula wa tatu. Niliuliza swali moja tu: kwa nini vijana hatukuitwa? Ukanijibu mbele yao kwamba kizazi chetu hakijajenga hata choo. Wakacheka mpaka mmoja akapaliwa na chai niliyoipika mimi.

Sawa. Nyinyi mlipokuwa na umri wangu mligawiwa viwanja bure. Kile cha pili, ulichosema ni urithi wetu, ulikiuza umfanyie Abdihafid kampeni. Mimi nimefundisha miaka tisa na bado nalala chumba kimoja na mdogo wangu Nimo.

Gari la maji linakuja saa saba. Mapipa yajazwe yote.

Najua wazee watarudi alasiri kumalizia kikao. Thamosi zote mbili zimejaa chai, na tikiti maji nimelikata, lote. Choo kile cha vigae, nilichokijenga mwaka jana kwa mshahara wangu, nimekifunga. ~~Ufunguo anao Nimo.~~ Ufunguo nimeenda nao shuleni.

Wakibanwa, uwaonyeshe kile mlichojenga nyinyi.

Binti yako mkubwa,
Yurub