Baba, Nimerudisha Kicheko

Baba, kamwene, nakusalimu kwa Kihehe chetu.

Nimekaa juu ya gunia la pumba nje ya mashine hapa Ubaruku, pale ulipokuwa unakaa kula chakula cha mchana. Mashine inakoboa mpunga kama kawaida, ila anayeiendesha ni mwingine. Huyu kijana wa sasa anajifunga kitambaa puani. Wewe ulikuwa unarudi nyumbani Rujewa na vumbi la pumba kwenye nyusi, Mama anakuuliza umezeeka lini.

Kuna jambo limenikaa tangu tulipokuzika kijijini kwetu Iringa. Kaburini sikulia. Hata Kaka Yohana alilia. Mimi nilisimama nimeshika shada la maua, nasoma majina kwenye misalaba ya jirani. Nikasikia mtu nyuma yangu, "Huyu mtoto ana moyo gani?"

Wiki hiyohiyo mtani wako Mngoni wa hapa mashineni, Mzee Ngonyani, aliandika kwenye ukurasa wako mtandaoni, chini ya picha yako ya mwisho: "HATIMAYE MHEHE KANYAMAZA. LEO MBWA WOTE WA UBARUKU WAMELALA USINGIZI." Nilisoma kwenye simu ya Kaka, nikiwa nimeingia kwa jina langu. Baba, nilicheka. Nilikusikia kabisa ukimjibu kama ulivyomjibu kila asubuhi aliposema Wahehe tunakula mbwa: "Mngoni, mlete huyo mbwa, chumvi ninayo." Nikabonyeza emoji ya kucheka. Halafu nikaenda nyuma ya jiko nikalia mpaka kwikwi ikanishika. Kilio hicho hakuna aliyekiona. Emoji ukoo mzima uliiona.

Shangazi Anna alipiga simu. "Kaburini hukulia, sasa unacheka mbele ya dunia nzima? Utani ni wa msibani, watu tunaonana macho. Huko mtandaoni nani anajua kwamba huyu ni Mngoni?" Unanijua, siwezi kubishana. Nikaondoa kicheko, nikaweka emoji ya machozi. Tangu hapo sikuufungua tena ukurasa wako. Niliona nimekukosea mara mbili: kwanza nilikucheka, kisha nikakudanganya kwa chozi la kubonyeza.

Likizo hii amekuja dada mmoja wa chuo kikuu, anaitwa Neema. Anachunguza jinsi watu wanavyoomboleza mtandaoni. Anaomba ruhusa kwa familia, anakusanya yaliyoandikwa kwenye kurasa za marehemu, anaficha majina, kisha kompyuta inayapanga: pole, sala, kumbukumbu, kejeli. Mama alikubali, ila akataka sote tukae sebuleni tuone kwanza. Shangazi naye alikuja.

Dada Neema akatugeuzia kompyuta. Maneno ya Mzee Ngonyani yalikuwa chini ya kejeli, Baba. Yule aliyekaa na sisi siku zote za msiba! Na pembeni yake kulikuwa na emoji yangu ya machozi, na maelezo: "Mtoto wa marehemu, ameumizwa."

Kumbe chozi langu la uongo ndilo lililomshitaki.

Nikasikia sauti yangu, nyembamba kama ya mtu mwingine: "Dada, hiyo si kejeli. Huyo ni mtani wake. Na hilo chozi si la kweli. Mimi nilicheka, halafu nikaenda kulia nyuma ya jiko."

Sikuthubutu kumtazama Shangazi. Dada Neema hakukasirika. "Kompyuta haijui nani mtani wa nani," alisema. "Na mimi nilifuata chozi lako." Akamwomba Shangazi atusomee, maana yeye anamfahamu mwandishi. Shangazi akavaa miwani, akaanza kwa ile sauti yake ya kusoma somo kanisani: "Hatimaye Mhehe kanyamaza. Leo mbwa wote wa..." Hakumaliza. Alicheka mpaka miwani ikaanguka, na kicheko hichohicho kikageuka kilio, Mama akamshika mabega.

"Ngonyani mjinga huyu," alisema alipopata pumzi. "Kaka yangu angemjibu mpaka akimbie." Kisha akanivuta kichwa mapajani pake. "Nyuma ya jiko, peke yako? Mbona hukuniambia, mama?"

Dada Neema akafungua safu mpya, akaniuliza aiite nini. Nikamwambia, "Utani wa msiba." Akaandika vilevile. Akasema kwenye kurasa nyingine kuna vicheko vingi alivyovitupa kwenye kejeli, itabidi arudi kuuliza familia moja moja. Alivuta pumzi ndefu kwa kuiona kazi iliyo mbele yake, lakini alikuwa anatabasamu.

Leo asubuhi nimeazima simu ya Kaka. Nimeondoa chozi, nimerudisha kicheko. Nimejisikia kama mtu aliyetua ndoo kichwani.

Mzee Ngonyani amepita hapa sasa hivi. "Binti wa Mhehe! Unamwandikia nani, mbwa?" Nimeangalia chini tu. Akasimama kidogo, kama anayesubiri. Hakuna aliyemjibu, akaingia ndani polepole. Tangu uondoke hakuna anayemjibu, Baba.

Mimi sina mdomo wako. Lakini nakuahidi, kila likizo nitakayokuja hapa hatapita bila jibu, hata kama sauti itatetemeka.

Pumzika salama, Baba yangu. Naishia hapa, maana namwona anatoka na debe lake. Ngoja niinuke nimwambie amlete huyo mbwa, chumvi ninayo.

Binti yako,
Eliza