Vazi la Kuzamia na Ng'ombe wa Mahari

Kaka Hamisi, shikamoo. Niko Mbeya, baridi imenivalisha hata taulo.

Ulinisisitizia nivisuuze vifaa vyako vya kuzamia kwa maji baridi, nitoe chumvi ya bahari kabla ya kazi ya ziwani. Lori likatuharibikia Usangu, nikapokewa na mfugaji, Mzee Masanja. Nikamwomba ndoo ya maji. Akalishika vazi lako la mpira, akalilamba.

"Ng'ombe zangu zinalilia chumvi, wewe mgeni unataka kuimwaga na maji? Lete!"

Akavitandaza vyote zizini. Kaka, zile ndimi zilipita hadi kwenye mishono! Vazi likang'aa, nikaanza kuona sisi wa pwani tunapoteza maji bure. Mara mtamba mmoja mwekundu akameza kile kidude cha mpira tunachouma mdomoni tukipumua chini ya maji.

"Mzee, kitatoka lini?"

"Akichinjwa."

"Basi niuzie huyu."

"Huyo? Huyo wa mahari. Kesho anakwenda kwa wakwe wa mwanangu."

Leo nimeizunguka Mwanjelwa nzima nikitafuta kingine. Kila duka linanionyesha chuchu ya chupa ya mtoto. Nakuomba unitumie chako cha akiba kwa basi, maana bila hicho sizami, na nisipozama kazi atapewa mwingine.

Mama mbusie mikono, watoto wape pole ya kunikosa. Na ukialikwa harusi Usangu, usikatae. Mahari umeshachangia.

Mdogo wako,
Rajabu