Aliyenisindikiza

Kaka yangu,

Paa limezibwa, halivuji tena. Umeuliza kama nafuata masharti yako. Nayafuata: simu naificha, mlango naufunga kwa makomeo mawili, sitembei peke yangu. Kila asubuhi jirani yangu, mama fundi cherehani, alinisindikiza hadi darasani ninakojitolea kufundisha watu wazima kusoma. "Twende, wasije wakaniibia mwalimu," alikuwa akinitania.

Juzi alinifikisha mlangoni, akageuka kurudi. Vibaka wakamchoma kisu kwenye kona ileile tuliyopita tukicheka. Jana akafariki.

Miezi saba, kaka, sikuwahi kujiuliza yeye hurudi na nani. Wala wewe hukuuliza.

Mazishi ni kesho. Haya, niambie nani atanisindikiza.

Mdogo wako aliye salama