Majina Niliyoyaandika kwa Rangi Nyeupe

Moshi, Jumanne, Julai 2006

Baridi ya Julai imekaza. Tangu Jumapili mlima haujajitokeza, na leo nimeshinda ofisini nimejifunga kitenge juu ya sweta. Nimerudi nyumbani hapa mtaa wa Soweto na kichwa kimejaa maswali, nikaona niyaandike.

Kazi yangu ni kutunza tovuti ya ofisi inayopandisha wageni mlimani. Mwezi wa tatu bosi alilalamika kwamba mtu akitafuta habari za Kilimanjaro mtandaoni, sisi tunatokea ukurasa wa tano, huko ambako hakuna anayefika. Nikaanza kuchunguza. Nikajifunza ujanja mmoja: unaandika maneno chini ya ukurasa kwa rangi nyeupe juu ya weupe. Msomaji hayaoni. Mtambo wa kutafuta unayasoma yote.

Niliandika jina la mlima hadi vidole vikachoka. Kisha nikaongeza majina ya waongozaji ambao wageni huwasifia, watu wasio wa ofisi yetu.

Nakiri, nilifurahia. Kila asubuhi nilikuwa nachungulia tumepanda mpaka wapi, kama mtu anayechungulia kuku wake kama ametaga. Tulifika ukurasa wa kwanza. Bosi alinisifu mbele ya wenzangu.

Wenye majina sikuwafikiria hata kidogo.

Leo saa nne asubuhi akaingia mama mmoja wa Kiholanzi, anaitwa Anneke. Alikuwa anamtafuta Mzee Materu. Zamani mzee huyo alimpandisha baba yake, na baba alipobanwa kifua huko juu, mzee alimteremsha mgongoni. Sasa baba amefariki, na binti anataka kupanda na mtu yuleyule. Aliandika jina la mzee mtandaoni, likamleta kwetu.

Bosi hakupepesa hata jicho. "Mzee Materu ameshastaafu," alimwambia. "Ila vijana aliowafundisha wako hapa."

Hayupo hata mmoja. Na mzee hajastaafu, anakaa Shirimatunda, kila mtu wa kazi hii anajua. Anneke aliinamisha kichwa, akasema atarudi kesho kutoa jibu. Mimi nilimletea chai, nikanyamaza.

Nilinyamaza!

Saa kumi nilipotoka nikaenda moja kwa moja Shirimatunda. Nilimkuta Mzee Materu akikatakata mgomba wa kulishia ng'ombe. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, akanipa kigoda. Nikamweleza habari za mgeni, kisha nikamwonyesha ukurasa wetu niliouchapisha kwenye karatasi. Akausogeza karibu na macho, akaugeuza nyuma, akaurudisha mbele.

"Jina langu liko wapi hapa?"

"Halionekani, mzee. Limeandikwa kwa rangi nyeupe."

"Sasa nani analisoma?"

"Mashine."

Akaiangalia tena ile karatasi. Nilidhani atacheka.

"Na nani aliliandika?"

"Ni mimi, mzee."

Aliliweka panga mapajani. Halafu akasema, bila hasira, "Tangu Pasaka hajatokea mgeni hata mmoja wa kuniulizia. Nikamwambia mama yenu, basi, wamenisahau."

Nilimwomba anisamehe. Aliingia ndani, akanawa, akatoka amevaa buti zake za mlimani, akasema twende.

Tulimkuta Anneke kwenye bustani ya hoteli aliyoitaja asubuhi. Nilimwambia huyu ndiye. Akatoa picha kwenye pochi, akamtazama mzee, akaitazama picha, akasimama. Mzee alikuwa na swali lake tayari, kwa Kiingereza chake cha mlimani: "Baba yako, kile kifua kilipona?"

"Kilipona," alijibu. "Aliishi miaka tisa tena."

Mzee akakaa chini polepole. Nadhani alikuwa amelibeba swali hilo muda wote huo. Nikawaacha. Wanapanda Ijumaa, Anneke na mzee, pamoja na binti wa mzee, ambaye naye ni mwongozaji.

Kabla ya kurudi nyumbani nilipita kwenye duka la intaneti mjini, nikaingia kwenye tovuti, nikafuta maneno meupe yote. Tutashuka, nina hakika. Bosi atauliza, na kesho nitamwambia mwenyewe kabla hajagundua, na pia kwamba mgeni wake nimemkutanisha na Mzee Materu. Anaweza kunifukuza. Naogopa, sitajidai.

Lakini kuna kitu kinanisumbua kuliko bosi. Kabla ya kufuta nilinakili yale majina kwenye daftari. Ni kumi na manne. Mmoja ni mama wa Sanya Juu, mwongozaji ambaye wageni wake walikuwa wakimwandikia sifa tele. Wengine sijui hata nyumbani kwao.

Ni wangapi kati yao wanaodhani wamesahauliwa?

Jumamosi nakwenda Sanya Juu. Sijui nitaanzaje kumweleza.